Furaha ya Mtoaji

Hakuna mtu asiyetaka furaha. Mkulima huitafuta katika mavuno, mvuvi katika jarife lake, mchuuzi katika faida, na mwanafunzi katika kufaulu mtihani. Furaha hizi zote ni halali, na kila moja hutokana na kitu kilichomwingia mtu mkononi. Lakini iko furaha nyingine iliyo kinyume cha hizi, maana hutokana na kitu kilichomtoka mtu mkononi. Mtu hutoa unga wake, nguvu zake, au mapumziko yake ya Jumamosi, akarudi nyumbani amepungukiwa, na walakini moyo wake umejaa. Jambo hili ni la ajabu, na kila la ajabu lastahili kuulizwa. Furaha hii yatoka wapi? Je, ni haki mtu kufurahi mahali ambapo mwenziwe ana njaa? Na yamkini furaha ya mtoaji ikawa ni dhuluma kwa mpokeaji?

Nitajaribu kuyajibu maswali haya kwa habari ya ghala dogo la chakula la kanisa moja la Ramisi, ambalo nimelitumikia kwa miaka kadhaa. Ni afadhali kuzungumza juu ya kitu nilichokishika kwa mikono yangu kuliko kuwahubiria vijana mambo niliyoyasikia tu.

Ramisi ni mji mdogo katika njia kuu itokayo Ukunda kwenda Lunga Lunga, kusini ya Msambweni, katika kaunti ya Kwale. Jina lake ni la mto upitao hapo kwenda kumwaga maji yake katika ghuba ya Funzi. Kwa miaka mingi mji huu ulijulikana kwa sukari. Kiwanda kilianza katika miaka ya 1920, na watu wa makabila mengi wakaja kukata miwa na kuisaga: Wakamba, Waluo, Waluhya, na Wamakonde waliotoka Msumbiji, wakakaa pamoja na Wadigo wenyeji. Mwaka 1988 kiwanda kile kilikufa, na nyumba nyingi zilizotegemea mshahara wa mwezi zikaachwa zikitazamana. Baadaye miwa ilipandwa tena na kiwanda kingine kikajengwa, lakini wazee wa hapa walikwisha jifunza ya kuwa mshahara ni kama bahari: leo maji hujaa, kesho hupwa.

Maji yalikupwa tena mwaka 2020. Tarehe 13 Machi mwaka huo serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona katika Kenya, na haukupita muda hoteli za Diani zikafunga milango yake. Wapishi, walinzi, wafua nguo na wachonga vinyago walirudi makwao mikono mitupu. Kabla watu hawajapata kuvuta pumzi, mvua nazo zikakosekana msimu baada ya msimu, hata tarehe 8 Septemba 2021 ukame ukatangazwa kuwa ni msiba wa taifa. Mahindi ya Lunga Lunga na Kinango yalikauka yakiwa bado machanga.

Hapo ndipo waumini wa kanisa letu walipotoa viti vibovu katika chumba cha nyuma, wakakipaka chokaa, wakapiga rafu za mbao, wakakiita ghala. Sharti lilikuwa moja: kila ajaye ibadani na aje na alichonacho, hata kikiwa kibaba kimoja cha kunde. Mmoja alileta unga, mwingine maharagwe, mwingine pakacha la nazi, mwingine chumvi tu. Tangu zamani imesemwa haba na haba hujaza kibaba. Sisi tuliona vibaba vikijaza magunia. Wala hatukuuliza anayehitaji husali wapi. Wengi wa majirani zetu ni Waislamu, nao wana zaka na sadaka zao, na katika mwezi wa Ramadhani futari yao huvuka ua mpaka kwa asiyefunga. Njaa haina dini. Kwa nini chakula kiwe na dini?

Desturi hii si mpya. Kitabu cha Matendo ya Mitume chasimulia ya kuwa kanisa la kwanza kule Yerusalemu lilikuwa na mgawo wa chakula wa kila siku, na ya kuwa manung'uniko yalizuka kwa sababu wajane wa upande mmoja walisahauliwa. Ikawa lazima wachaguliwe watu saba wenye sifa njema kuiangalia kazi ile. Naomba msomaji alikumbuke jambo hili moja: ugomvi wa ghala lile la kwanza haukuwa juu ya upungufu wa chakula, ila juu ya namna ya kukigawa. Nitarudi kwalo, maana hata mimi nilijikwaa katika jiwe lilo hilo.

Kazi ya ghala haina fahari. Siku ya Jumamosi, jua likiwa bado changa, baadhi yetu hupepeta maharagwe kwa ungo na kuokota mawe. Wengine huanika mahindi juu ya turubali. Wengine hupima unga kwa kopo la kilo mbili tuliitalo gorogoro. Panya hufukuzwa, fukusi hutafutwa, magunia hupangwa juu ya vibao ili yasiguse sakafu. Mgongo huuma na pua hujaa vumbi. Hata hivyo sijapata kuona watu wakicheka sana kama wachekavyo watu wale. Mimi mwenyewe, ambaye kazi yangu ya juma zima ni kupanda mbegu ambazo huchukua miaka kumea katika vichwa vya vijana, nilifurahi kupata kazi ambayo matunda yake yaonekana siku iyo hiyo. Asubuhi gunia limejaa. Adhuhuri ni tupu. Jioni moshi wafuka katika paa nyingi. Nilirudi nyumbani nikijiona mtu mwema.

Kujiona mtu mwema ni mwanzo wa kuteleza. Siku moja mwaka 2022, ukame ulipokuwa mkali, nilipewa orodha ya nyumba zitakazopokea, nizisome. Mimi ni mwalimu, na daftari la majina likiwa mkononi mwa mwalimu sauti yake hupanda yenyewe. Niliita majina kama niitavyo darasani, na walioitwa walisimama, wakaja mbele, wakapokea mbele ya macho ya watu wote. Katika umati nilimwona kijana mmoja wa kidato cha pili katika shule yangu, ameketi kando ya bibi yake. Jina lao lilipofika, nilitaka kumpa heshima. Nikasema kwa sauti, "Huyu ni kijana wangu, hodari wa hesabu. Mpeni kilicho bora." Watu walicheka kwa wema. Kijana aliinamisha kichwa, akamshika bibi yake mkono, wakatoka. Hawakuchukua hata punje moja.

Jumatatu hakuja shuleni. Jumanne kiti chake kilikuwa kitupu vile vile. Jioni ile nilikwenda kwao, nikapiga hodi.

"Karibu, mwalimu," alisema yule bibi, akanitandikia mkeka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Keti."

Kabla sijasema lililonileta, alimwita mjukuu wake, akamwamuru apande mnazi. Nilijua ya kuwa nyumba ile haikuwa na unga, na ya kuwa kila nazi iliyokuwa juu ya mnazi ule ilikuwa na kazi yake. Nikasema, "Bibi, msijisumbue. Sikuja kunywa."

Yule mzee alinitazama kitambo, kisha akasema, "Mwalimu, wewe wapenda kutoa tu? Kupokea hupendi?"

Sikuwa na jibu. Dafu lilishushwa, likachongwa, nikanywa. Sijapata kunywa kitu kitamu na kizito kama dafu lile. Nilipomaliza, nilimwomba bibi na mjukuu wake msamaha. Bibi alijibu kwa upole, "Njaa ya mwezi mmoja husahauliwa mavuno yajapo. Lakini jina la mtu likiitwa mbele za watu kwa ajili ya njaa yake, halisahauliwi. Kijana huyu anakaa darasani na wale waliosikia."

Nilirudi nyumbani usiku nikiwaza. Kwa nini nilipandisha sauti siku ile? Nilisema moyoni ya kuwa ni kwa ajili ya kijana. Haikuwa kweli. Nilipandisha sauti ili isikike ya kuwa mimi ndiye mwalimu wake na mimi ndiye niliyempa. Furaha yangu ilihitaji kijana yule awe chini ili mimi niwe juu. Nilimpa kopo la unga kwa mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto nikamnyang'anya kitu kisichopimwa kwa gorogoro, yaani heshima yake. Aliyekuwa mwizi katika ghala siku ile si panya, ni mimi.

Je, basi furaha ya mtoaji ni kosa? Wenye hekima wamelibishania jambo hili kwa karne nyingi. Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Ujerumani, aliandika mwaka 1785 ya kuwa mtu awasaidiaye wengine kwa sababu tu moyo wake hupata raha katika kusaidia afanya jambo la kupendeza, lakini tendo lake halijapata thamani ya kweli ya wema. Thamani hiyo huonekana pale atendapo kwa kuwa ni wajibu, hata kama moyo ni mkavu. Aristotle, Myunani aliyetangulia kwa miaka zaidi ya elfu mbili, alifundisha vingine: mtu asiyefurahi katika kutoa hajawa mkarimu bado, kama vile mtu asiyefurahi katika haki hajawa mwadilifu.

Nilipowasoma watu hawa wawili katika chuo cha ualimu nilidhani ya kuwa yanibidi kumchagua mmoja na kumwacha mwingine. Ghala lilinifundisha ya kuwa kila mmoja ameshika upande wake wa ukweli. Kant atuonya tusiifanye furaha kuwa ujira wetu, kwa sababu mfanya kazi kwa ujira huacha kazi ujira ukosekanapo. Ziko Jumamosi ambazo hakuna aliyesema ahsante, mvua ilinyesha juu ya mahindi yaliyoanikwa, na wawili waligombana juu ya kopo moja la mafuta. Siku kama hizo kazi hufanywa na wajibu. Furaha imebaki kitandani. Aristotle naye atuambia ya kuwa wajibu ukizoewa kwa miaka hugeuka kuwa tabia, na tabia njema huzaa furaha yake yenyewe bila kuitwa. Furaha ya namna hii ni kama kivuli. Ukigeuka kukifukuza chakukimbia. Ukiendelea na njia yako kuelekea kwenye mwanga, chakufuata nyuma.

Basi iliyo kosa si furaha. Ni furaha inayomtaka mwenzio abaki chini ili upate kuinama na kumpa. Na furaha hiyo yaweza kuvaa nguo nzuri sana, hata nguo za kwenda kanisani.

Tulibadili desturi ya ghala. Majina hayaitwi tena. Aletaye na achukuaye huingia kwa mlango mmoja, na kikapu cha mmoja hufanana na cha mwingine, hata apitaye njiani hawezi kujua nani ametoa na nani amepewa. Asiyeweza kuja hupelekewa jioni, na mwenye kumpelekea hukaa kidogo kuzungumza, na akipewa maji hunywa. Pia tulikubaliana ya kuwa yeyote apokeaye aweza kuingia ndani kufanya kazi, akitaka. Tulidhani ni wachache watakaotaka. Ikawa wengi. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipokea maharagwe alikuwa hodari kutushinda sote kwa kuyapepeta. Mzee mmoja wa Kimakonde alitutengenezea rafu ambazo hazijayumba mpaka leo. Wamakonde wa Kwale wanajua maana ya kuhesabiwa kuwa watu: mwaka 2016 waliandamana kwa miguu kwenda Nairobi kudai uraia, baada ya kuishi katika nchi hii kizazi kwa kizazi bila vitambulisho, nao wakaupata. Mzee yule alipotundika jina lake katika orodha ya watumishi, aliliandika kwa herufi kubwa.

Na yule kijana? Alirudi shuleni juma lile lile, lakini ghalani hakurudi ila baada ya miezi mitatu. Alikuja Jumamosi moja bila kikapu, akaomba kuliona daftari la hesabu. Aliligeuza kurasa, kisha akaniambia kwa adabu, "Mwalimu, magunia ya mwezi uliopita umeyahesabu mara mbili." Alisema kweli. Tangu siku hiyo daftari ni lake. Nilipomwona ameinama juu ya meza, kalamu mkononi, akinisahihisha mimi niliyezoea kumsahihisha yeye, nilipata furaha ambayo sijaipata siku yoyote niliyoshukuriwa. Nilitambua ya kuwa hiyo ndiyo niliyokuwa nikiitafuta. Haikutoka kwangu ikaenda kwake, wala haikutoka kwake ikaja kwangu. Ilikuwa katikati yetu, kama chakula katika sinia moja.

Isidhaniwe ya kuwa moyo mwema na heshima vyatosha. Kutoa kwahitaji na akili. Tarehe 10 Aprili 2020, katika mtaa wa Kibera, Nairobi, chakula kililetwa kugawiwa bila mpango wa kutosha. Watu walisukumana na kukanyagana, na wengi wakaumia. Mwaka 2004, katika wilaya za mashariki ya Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 125 walikufa kwa kula mahindi yaliyoingia sumu ya kuvu kwa sababu yalihifadhiwa yakiwa na unyevu. Kwa hiyo mtu aanikaye mahindi ya ghala mpaka yakauke barabara, na kuyatupa yaliyooza bila kuyaonea huruma, aokoa maisha kwa kazi ambayo hakuna aionaye. Mwenye kusema, "Maskini hachagui," na kumpa mwenziwe kisicholika mezani kwake mwenyewe, hajatoa kitu. Ametafuta mahali pa kutupa taka zake.

Wala tusilifanye ghala kuwa kubwa kuliko lilivyo. Kopo la unga huondoa njaa ya juma moja, haliondoi umaskini. Musa bin Maimun, mwanachuoni wa Kiyahudi aliyefariki Misri mwaka 1204, alizipanga sadaka katika daraja nane, na daraja ya juu kabisa haikuwa ya atoaye vingi, bali ya yule amwezeshaye mwenziwe kupata kazi au mtaji hata asihitaji kuomba tena. Wahenga wetu nao walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wasiojua husema ya kuwa methali hii ni ya uchoyo. Mimi naona ni ya heshima, maana ampaye mgeni jembe amemwambia, "Wewe si mgeni tena, shamba hili ni letu." Hivyo ndivyo walivyofanya Wakamba katika mwethya wao na Wadigo katika mweria wao: leo twalima kwako, kesho kwangu, na hakuna aulizaye nani mtoaji na nani mpokeaji.

Vijana wasomaji, huenda siku moja mkaitwa kutumika katika ghala kama hili, la kanisa, la msikiti, au la shule. Nendeni. Kutoa ni moyo, si utajiri, na nguvu za mikono yenu ni mali ambayo hata mwenye fedha hana daima. Lakini mkiisha kuionja furaha yake, ipimeni kwa vibaba vitatu. Kwanza, je, ingalibaki kama hakuna aliyekuona? Pili, je, ingalibaki kama uliyempa hakushukuru, bali alikusahihisha? Tatu, na hiki ndicho kibaba kigumu: je, ungalifurahi kama Jumamosi moja ungelifungua mlango wa ghala, ukangoja mpaka jua lichwe, na asije hata mtu mmoja kwa sababu hakuna tena mwenye haja?

Kibaba hicho cha tatu mimi nimekijaribu mara nyingi katika moyo wangu. Mwanzoni, nakiri, nilisikia upweke. Sasa naiona siku hiyo waziwazi: rafu tupu, gorogoro limeinamishwa juu ya meza, daftari limefungwa, nasi tumeketi kizingitini, watoaji na wapokeaji wa zamani, tukinywa madafu. Siku hiyo bado haijafika Ramisi. Mpaka ifike, Jumamosi mlango uko wazi, na maharagwe hayajipepeti yenyewe.